Kisigino cha Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa na mtindo wake wa kazi. Ukimpelekea viatu vipya vinavyobana, alivivaa mwenyewe. Alishinda navyo kutwa, akishona na kuzunguka kibandani, mpaka vilainike. Wateja walisema mguu wake ungeweza kulainisha hata tofali.

Jumatatu moja alivaa viatu vya mwalimu mkuu. Vilimbana kama koleo. Akajikaza kisabuni. Jioni alipovivua nyumbani, alikuta lengelenge kisiginoni, limejaa damu, jekundu la kuiva.

"Mke wangu, njoo uone! Nimeota jicho la tatu!"

Mkewe alicheka, kisha akakumbuka jambo. "Na mbio za wazazi shuleni, Jumamosi ya wiki ijayo?"

Binti yao wa miaka tisa alisimama mlangoni, roho juu. Mwaka uliopita baba yake hakufika kwenye mbio hizo. Wenzake darasani walikuwa bado wanamtania.

"Nitakimbia, mwanangu," akasema fundi. "Hili dude nalitoboa sasa hivi." Akachukua sindano yake ya kushonea soli.

"Weka chini hiyo sindano!"

Alikuwa jirani yao muuguzi, amekuja kuchukua kandambili zake.

"Dada, ni tone tu la damu."

"Shemeji, hiyo sindano imepita kwenye soli zilizokanyaga kila uchafu wa mtaa huu. Unataka kuuingiza mwilini?"

"Sasa hii damu imetoka wapi? Sijajikata."

"Kiatu kimekubana na kukusugua. Mishipa midogo ya damu imepasuka chini ya ngozi. Ngozi ya juu iko nzima, na hiyo ndiyo bandeji uliyozaliwa nayo. Iache."

Akamwosha mguu kwa maji safi na sabuni, akaukausha taratibu, akafunika lengelenge kwa bandeji safi bila kukaza.

"Likipasuka lenyewe?" akauliza mke.

"Osha, usivute ile ngozi, funika. Badilisha bandeji kila siku. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au homa, mlete kituo cha afya. Na mwenye kisukari asisubiri hayo, aje mara moja."

"Na viatu vya mwalimu mkuu?" fundi akalalamika. "Nikivirudisha hivi, nitauweka wapi uso wangu?"

"Baba," binti akasema, "si uchonge mguu wa mbao? Huo hauoti malengelenge."

Fundi akaanza kutafuta vipande vya mbao.

Kesho yake fundi akachonga miwili. Miguu hiyo ya mbao ikakaa siku tatu ndani ya viatu, vikapanuka. Yeye alivaa ndara zisizogusa kisigino. Lengelenge likanywea, likawa jeusi, likakauka.

Jumamosi ya mbio ilipofika, alivaa soksi kavu na raba zake kuukuu zenye nafasi. Filimbi ikalia. Kuna wanaoapa kwamba vumbi lake halijatua mpaka leo, ingawa alikuwa wa tano kati ya sita, na wa sita alisimama kupokea simu.

Binti hakujali. Alikuwa amesimama juu ya benchi, akiwapigia kelele wenzake:

"Mmemwona? Yule anayehema kama pampu! Baba yangu amefika!"