Kitanda cha Dirishani

Mwili wa bibi ulikwisha kuondolewa, godoro likafutwa kwa dawa, shuka safi zikatandikwa. Muuguzi alipopita tena adhuhuri, mto wa kitanda cha dirishani ulikuwa umebonyea katikati. Akaugusa. Ulikuwa na joto.

"Nani amelala hapa?"

"Nani alale hapo, sista?" akajibu mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama aliyefungwa plasta mguu mzima. "Mimi mwenyewe hata msalani napelekwa kama bibi harusi."

Wodi ikacheka. Muuguzi akaunyoosha mto, akaenda kubadilisha dripu. Nyuma yake chuma cha kitanda kikagongwa: ko, ko. Ndivyo alivyokuwa akigonga bibi, kwa pete yake, kila alipotaka maji.

Bibi huyo hakutembelewa na mtu. Jana, homa ikiwa juu, alimshika muuguzi mkono. "Mwanangu, ninaye mwenzangu. Nikiondoka, nani atamtazama?"

Muuguzi alidhani ni homa inayosema. "Mimi nipo, bibi. Siondoki mpaka nyote wawili mpone."

Msimamizi wa wodi, ambaye wauguzi walimwita Kanuni akiwa hayupo, alisikia. Akamvuta kando.

"Mgonjwa haahidiwi usichokiweza."

"Namliwaza tu, dada."

"Mliwaze kwa ukweli. Mwambie upo mpaka zamu yako iishe."

Alfajiri bibi alifariki. Sasa zamu ya mchana nayo ilikuwa imeisha. Mdogo wake muuguzi, aliyeachiwa mtoto mchanga wa muuguzi nyumbani, alikuwa amepiga simu: mtoto analia, anakataa maziwa ya kikombe. Matiti ya muuguzi yalikuwa yamejaa hadi yanauma. Akawakabidhi wagonjwa kwa wa zamu ya usiku, akachukua mkoba, akawaaga, akasukuma mlango.

Akajikuta kando ya kitanda cha dirishani.

"Umesahau nini, sista?" akauliza mama wa plasta.

"Sijasahau kitu."

Akatoka tena, safari hii akishika ukuta kwa kiganja, akapita chumba cha dawa, akapita stoo ya shuka, akaliona geti na jua nje ya geti, na kila alivyoharakisha ndivyo harufu ya udongo uliolowa ilivyozidi kumjaa puani, hadi ukuta aliokuwa ameushika ukageuka chuma chini ya kiganja chake, chuma cha kitanda, na kitu chenye joto la homa, kilichokuwa chini ya shuka, kikamshika kifundo cha mkono.

"Bado sijapona," kikasema.

Kanuni alimkuta ameketi kwenye kiti cha wageni, sare imelowa maziwa kifuani, mkono umevutwa juu ya godoro tupu. Shuka ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu.

"Ulimwahidi nani?" Kanuni akanong'ona.

"Bibi. Na mwenzake."

Kanuni aliitazama shuka. "Mtoto amenyonya?"

"Tangu asubuhi bado."

Katika wodi ile hakuna muuguzi aliyemwacha mgonjwa kabla mwenzake hajasimama kando ya kitanda na kutamka kwamba amempokea. Kanuni ndiye aliyeukazia utaratibu huo, na wauguzi walimsema sana kwa hilo. Akavuta kiti kingine.

"Nikabidhi."

"Dada, usiingie humu kwa ajili yangu."

"Nikabidhi kama ulivyofundishwa. Hali yake?"

"Ana joto. Anashika kwa nguvu. Anaogopa kuachwa."

"Nimempokea." Kanuni akaweka mkono wake juu ya shuka. "Wewe sikiliza. Siahidi kwamba utapona. Nipo mpaka asubuhi."

Vidole vikalegea, kimoja baada ya kingine. Muuguzi akatembea. Geti likabaki geti.

Nyumbani alinyonyesha hadi mtoto akasinzia akiwa na titi mdomoni. Mdogo wake alipoiona alama nyeusi ya vidole mkononi alisema neno moja tu: "Usirudi."

"Nisiporudi, nani atampokea yule?"

Asubuhi mama wa plasta alikuwa ameomba kuhamishiwa upande wa pili wa wodi. Hakutania. Kanuni alikuwa kwenye kiti kilekile, macho mekundu.

"Amelalaje?" muuguzi akauliza kwa sauti ya chini.

"Kaamka mara moja. Kakuulizia wewe."

Muuguzi akaketi, akakunja mkono wa sare yake.

"Nimempokea," akasema. "Nipo mpaka jioni."

Shuka ikasogea kumlaki.