Doa Begani mwa Asmaa

Doa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya ufuta, begani mwa mtoto, na halikufutika.

Abdala aliupangusa mkanda wa picha kwa pamba na spiriti, akaupitisha tena kwenye skana. Safari hii, kwenye kompyuta ya studio yake pale Nachingwea, doa likawa ncha ya kidole.

Jarida moja la Dar lilitaka picha hiyo kwa jalada, ya mkanda wa kizamani, rangi zilizokolea. Mtoto alikuwa wake mwenyewe, Asmaa, wa siku ishirini na mbili. Mkanda unataka jua. Basi kule Nanganga, kwa mama mkwe walikokuwa mkewe na mtoto, mwenye nyumba alipokwenda mnadani na ufuta wake, bwana huyu akamtoa mtoto nje, akamlaza kwenye kanga nyekundu chini ya mikorosho. Arobaini ilikuwa bado.

Akakifuta kidole kwenye kompyuta, akakoleza wekundu wa kanga, akaituma picha kiwandani Dar, jarida linakochapwa. Papo hapo studio ikanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, Rukaiya, akinong'ona.

"Baba Asmaa, mtoto ana alama begani. Vidole vitano. Halii, ananitazama tu."

Wakampeleka Malolo kwa Bi Hajra, mganga. Aliutazama mkanda aliokuja nao Abdala, bila kuugusa.

"Ulimtoa nje kabla ya arobaini?"

"Dakika mbili tu, bibi."

"Huyo alikuwa ametulia humo pichani, mjukuu wangu. Wewe ukamfuta. Ulidhani atakwenda wapi?"

Akauchoma mkanda. Alama zikafifia, mtoto akalia, Rukaiya naye akalia kwa furaha.

"Iko picha nyingine?" Bi Hajra aliuliza.

Abdala alilifikiria jalada, na jina lake chini ya picha. Alilitaka mno.

"Hakuna, bibi."

Siku ya arobaini, ndugu wamekaa barazani Nanganga wakisubiri Asmaa atolewe nje, kifurushi cha majarida kikaletwa kutoka stendi, na Abdala alipokata kamba harufu ile ya majivu ikampanda puani, na kwenye nakala ya juu mkono ulikuwa umemshika mtoto begani, kwenye ya pili umemzunguka kifuani, kwenye ya tatu umemwinua, naye akazidi kuzitoa moja moja mpaka ya mwisho kabisa, iliyokuwa na mikorosho, na jua, na kanga nyekundu imetandikwa chini, haina mtu.

Ndani, Rukaiya alipiga ukelele.