Punje Mbili za Kahawa

Mate ndiyo yaliyomponza Gasto. Si tamaa ya mali, wala ya mke wa mtu. Mate tu.

Jioni ile alikuwa anatoka Misigiri kwa baiskeli ya kuazima, mali ya Mzee Ezekieli, mwenyekiti wa kijiji. Alikwenda kutafuta nafasi kwenye lori la Mwanza, na alipata. Kesho alfajiri lori lingewachukua barabarani, yeye na mkewe Anastazia na binti yao mdogo Cecilia. Mwanza wangepanda meli, na mwisho wa meli ni Bukoba, nyumbani. Mama yake Gasto alikuwa mgonjwa. Dereva mmoja ndiye aliyeleta habari hiyo kwa mdomo: mama anasema, kama mwanawe anataka kumkuta, asichelewe.

Gasto alikuwa bwana shamba. Serikali ilimtoa kwenye migomba ikamleta Iramba mwaka ule wa Operesheni, watu walipohamishwa kutoka kwenye tembe zao za zamani na kujengewa kwa mistari kwenye kijiji cha ujamaa. Kazi aliipenda, na watu walimpenda. Lakini tumbo lake lilikataa kuhama. Ugali wa uwele alikula, mlenda alikula, hata unga wa njano wa msaada alikula mwaka wa njaa. Kisha, kila alipomaliza kunawa mikono, alikaa anatafuna ulimi wake mwenyewe kama mtu aliyesahau kitu.

Alichokikosa ni akamwani. Hiyo ndiyo kahawa ya kutafuna ya Wahaya. Huchumwa ikiwa mbichi, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa, kisha mtu akatembea nayo mfukoni. Kwao Gasto, mgeni ambaye hajapewa akamwani hajakaribishwa, na mgeni anayeikataa amemtukana mwenyeji wake. Aliiulizia duka la kijiji, akaiulizia minadani, akawauliza madereva. Watu walimcheka. "Bwana Shamba, sisi kahawa tunakunywa. Hatutafuni kama mbuzi!"

Basi jioni ile, kwa furaha ya safari, akakata njia ya mkato inayopita kwenye mahame. Tembe zilizobomolewa mapaa zilibaki kuta tupu, za udongo, zimeota majani. Wenyeji hawapiti pale jua likishaanza kuinama. Gasto alilijua hilo. Lakini giza lilikuwa bado, na alikuwa na haraka ya kufunga mizigo.

Cheni ya baiskeli ikachomoka.

Akainama kuirudisha. Kimya. Hata ndege waliokuwa wakigombania matawi ya kulala walinyamaza, wote kwa pamoja... Ndipo harufu ikamfikia. Tamu kidogo, chungu kidogo, na moshi kwa mbali.

Akamwani.

Gasto akainuka polepole. Mate yalishamjaa kinywani. Alihisi anakosea, kwamba ni hamu tu inamchezea. Lakini harufu ilizidi.

"Karibu, ndugu yangu."

Sauti ilisema Kihaya. Kihaya cha kwao kabisa, cha wazee. Juu ya ukuta wa tembe moja alikaa mtu mzima, mwembamba, shati la kaki limepauka, halina vifungo. Miguu pekupeku. Magotini kaweka kifurushi cha majani makavu ya mgomba.

Migomba! Mwaka mzima Gasto hajaona jani la mgomba. Machozi yakamlenga.

"Shikamoo, mzee wangu. Wewe wa wapi? Umefikaje huku?"

"Nipo siku nyingi," mtu yule akanong'ona. "Kaa. Huwezi kupita kwangu kavu."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na tunda moja tu la kahawa. Akalipasua kwa kucha, na kucha zile zilikuwa na udongo mwekundu hadi ndani ya nyama. Punje mbili zikalala kiganjani, zimetazamana. Akachukua moja, akaingiza mkono chini ya shati, akajikuna kitovuni. Kisha akampa Gasto ile punje.

Gasto aliona. Alidhani mzee anawashwa.

Akatafuna... Hee! Nyumbani kote kulirudi. Moshi wa jiko la mama, nyasi laini zilizotandikwa sebuleni, mvua juu ya migomba. Ilikuwa na chumvi kidogo, lakini nani angejali? Mzee alikuwa bado ameshika punje ya pili, ameinyoosha mbele ya Gasto kama anayesubiri afanyiwe kitu. Gasto hakusubiri kuelezwa. Akaichukua, akaitia kinywani nayo.

Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko kikavu, bila kufungua mdomo.

"Umekula zote mbili."

"Nisamehe, mzee wangu. Hamu imenizidi."

"Hamu naijua," alisema mzee. "Unasafiri lini?"

"Kesho alfajiri. Nyumbani."

"Nyumbani..." Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayelilamba. "Nitakuomba kitu kidogo, ndugu yangu."

"Omba chochote."

Gasto akainama kumalizia cheni. Alipoinua macho, ukuta ulikuwa mtupu. Palibaki harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi, wakati mvua haijanyesha Iramba tangu miezi ile ya kupanda.

Baiskeli aliikanyaga hadi miguu ikawaka moto.

Anastazia alikuwa anafunga vyombo. Mume alipoinama kumbusu mtoto, mke akanusa. Uso wake ukang'aa.

"Baba Cecilia! Umeipata wapi? Nami umeniletea?"

Gasto akamsimulia. Alivyozidi kusimulia ndivyo uso wa Anastazia ulivyozidi kuzima, mpaka kamba ya mzigo ikamtoka mkononi.

"Tunda moja? Alilipasua mbele yako?"

"Ndiyo."

"Alishika kitovu?"

"Alijikuna tu, Mama Cecilia."

"Ilikuwa na chumvi?"

Gasto akalamba midomo. Chumvi ilikuwa bado ipo. Alishawahi kusikia mambo hayo akiwa mtoto, akayaacha shuleni pamoja na mengine ya wazee. Anastazia akasema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie, "Huo ni omukago. Ni kuchanjiana udugu wa damu. Kila mmoja anapaka punje yake damu ya kitovuni, anampa mwenzake ale. Mkishakula mmeungana. Akikuomba kitu humnyimi. Hata ukitaka kumnyima, huwezi." Akamshika mume wake mkono. "Na wewe ulimpa yako?"

Hapo Gasto angesema kweli, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini aliona haya. Mwanaume mzima, mtumishi wa serikali, aseme alinyakua punje ya pili kwa ulafi?

"Nilimpa," akasema.

Mzee Ezekieli alipokuja kuchukua baiskeli yake, naye aliambiwa. Hakuketi. Alibaki mlangoni, mkono umeshika usukani.

"Umepita mahame, Bwana Shamba. Nilikukataza."

"Yule mzee ni nani, Mwenyekiti?"

Mzee Ezekieli akashusha sauti. "Mimi nilikuwa kijana. Mwingereza alileta watu wa kutengeneza barabara, wa kutoka mbali. Mmoja alikuwa wa kwenu, wa ziwani huko. Akashikwa na homa. Analia usiku na mchana, anataka kuzikwa kwenye migomba ya kwao. Sasa migomba tungeitoa wapi sisi? Tukamfukia palepale." Akatema mate pembeni. "Tangu hapo tunasikia harufu ya kitu tusichokijua. Hatukuifuata. Sisi hatukijui, hatuna hamu nacho. Lakini wewe..."

"Nifanye nini, mzee wangu?"

"Ukiitwa usiitike. Panda gari uende. Mwili wako ukishavuka Shelui na kutoka Iramba, labda."

Labda. Hilo ndilo neno Gasto alilolala nalo.

Alfajiri, lori lilikuja likiwa limewasha taa moja. Ubaridi wa Iramba ulikuwa unakata masikio. Gasto akampandisha Anastazia, akampandisha mtoto, akarusha mizigo. Lilibaki begi lake tu, liko chini. Akainama kulichukua.

"Ndugu yangu."

Sikioni kabisa. Pumzi ile haikuwa na joto.

Hakuitika. Akauma meno, akashika mshipi wa begi.

"Ndugu yangu... nipe nafasi yako."

Hapana! Gasto alilipanga neno hilo kichwani, akalisukuma hadi kooni. Mama ananisubiri. Hapana! Akafungua mdomo alitoe.

"Chukua," mdomo wake ukasema.

Mkono mwingine ulishika begi. Mkono ule ulikuwa na kovu la panga kwenye kidole gumba, kovu lake mwenyewe, la utotoni. Akainua macho akamwona Gasto anapanda lori. Shati lake. Koti lake. Anastazia akampa mkono amvute, akamfunika khanga mabegani kwa ajili ya baridi.

"Mama Cecilia!" Gasto akapiga kelele. "Mama Cecilia, siyo mimi! Mimi niko huku!"

Dereva akatia gia. Hakuna aliyegeuka. Ila Cecilia, juu ya magunia, alimtazama moja kwa moja pale chini, akanyoosha kidole.

"Baba."

"Baba huyu hapa, mama," Anastazia akamwambia, akamgeuza uso.

Lori likaondoka. Gasto alikimbia nyuma yake, akakimbia kwa moyo wote, na kila alipodhani ameishika barabara ya Shelui alijikuta mbele ya ule ukuta wa tembe, miguu pekupeku, vumbi halijamshika hata kidogo.

Alilia. Nani hangelia? Alimlilia mama yake, aliyekuwa anasubiri mwana na kupelekewa kitu kingine. Wachunga ng'ombe walipita, akawaita kwa majina, wakaswaga ng'ombe haraka zaidi. Mzee Ezekieli alipita siku moja mchana. Gasto akamwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti!" Mzee akasimama, akanusa, akaondoka akitembea kinyumenyume.

Kitu kimoja tu kilimzuia asipotee kabisa. Likizo ina mwisho. Bwana shamba lazima arudi kazini. Na omukago, kama alivyosema Anastazia, hufunga wote wawili. Ndugu akiomba, ndugu hamnyimi. Basi atakaporudi yule, nami nitaomba, Gasto alijiambia. Nitamwomba nafasi yangu. Akairudia sentensi ile kila jua lilipozama, asije akaisahau.

Wakarudi jioni moja. Lori liliwashusha Misigiri, wakaja kwa miguu, wakakata njia ya mkato. Mtu yule alitangulia. Alikuwa amenenepa, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara.

Gasto alielewa mara moja. Mama amekufa. Amezikwa, na huyu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kaburini.

Cecilia alikuwa mabegani kwa yule mtu, amemshika masikio, anacheka. Gasto alimpungia. Mtoto alitazama ukuta, akaona ukuta.

"Ndugu yangu!" Gasto akaita. "Ndugu yangu, nakuomba. Nirudishie nafasi yangu."

Mtu yule alisimama. Alikuwa amesikia.

Akamteremsha mtoto, akamwambia Anastazia watangulie, anajisaidia kidogo. Kisha akasogea hadi ukutani. Akatabasamu kwa meno ya Gasto.

"Ningekupa," akanong'ona kwa Kihaya, na kwa kweli alikuwa na sauti ya huruma. "Nilikunyooshea punje ile uipake ya kwako, unilishe. Nilisubiri. Ukala zote mbili. Wewe umekula yangu, ndugu yangu. Mimi sijala yako."

Gasto akavitazama vidole vyake, vile vilivyoinyakua punje ya pili.

"Alikutaja hadi mwisho," mtu yule akaendelea. "Akanitazama sana machoni, mama yule. Akasema, kama utamwona mwanangu huko, mpe." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba, kilichofungwa fundo lile ambalo mama yake Gasto peke yake alikuwa akilifunga. Akakiweka juu ya ukuta. "Akamwani hii aliitengeneza kwa mikono yake."

Akaondoka bila kugeuka.

Mbele kidogo Anastazia alikuwa amesimama. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mahame. Gasto alimwona anainua pua, ananusa, anageuka kutazama ukuta. Uso wake ulibadilika. Kwa kitambo kidogo midomo yake ilicheza, kama anayetaka kuita jina. Halafu mtu yule akafika, akamshika bega, na Anastazia akambeba mtoto kwa nguvu kifuani, akaenda naye, hakutazama tena nyuma.

Alijua. Gasto angeapa kwamba alijua.

Giza likaingia. Gasto alikaa juu ya ukuta, kifurushi magotini. Alitaka kukitupa. Hakutaka kukifungua. Lakini mate yalishamjaa kinywani, mate ya mtu aliye mbali na kwao, na vidole vyake, vyenye udongo mwekundu kwenye kucha, vilikuwa vinalifungua fundo la mama yake taratibu, harufu inatoka, inaifuata njia kuelekea barabara kuu, ambako malori ya Mwanza hupita.