Picha ya Chini ya Mto

— Usifungue, kamanda! Jua itaharibisha picha yote!

Lambert alikuwa amepiga magoti kivukoni, mikono imefungwa nyuma. Kamanda wa waasi hakumsikiliza. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nne, na tangu Agosti mji wote wa Kisangani, huko Kongo, ulikuwa mkononi mwao. Aliliinua sanduku la kamera, la chuma lenye dirisha la kioo, akang'oa kifuniko, akaivuta filamu nje yote kama utumbo wa kuku.

— Samaki iko wapi? Mi naona utepe tu.

— Picha inatokea na dawa, mu chumba ya giza. Sasa imekufa yote, kamanda.

— Donc wewe iko espion, mupelelezi. Hii ni radio. Unaongea na ndege za adui chini ya mayi!

Madina, binti wa fundi cherehani Nassoro, aliyasikia yote akiwa nyuma ya waasi wenye bunduki. Jamani, uongo mtupu! Kwa miezi Lambert alikuwa akiishusha kamera hiyo kwa kamba kutoka kwenye pirogi, mtumbwi wake, pale penye maporomoko ya Wagenia, ili ijulikane samaki gani anakaa kwenye mawe na yupi kwenye mchanga. Wazungu wa utafiti waliomwajiri walipokimbia, yeye alibaki. Tusidanganyane, alibaki kwa ajili ya Madina.

— Kamanda, mi niko na picha moja ku nyumba! alipaza sauti Madina. Alinipa yeye. Utaona samaki na macho yako!

— Kimbia, alisema kamanda akionyesha lori la wafungwa. Camion ikijaa, hatukungoji.

Alikimbia hadi akapoteza kiatu. Nyumbani baba yake alikuwa kwenye cherehani. Madina akainua mto wa kitanda. Patupu.

— Papa, picha iko wapi? Ile ya mawe na samaki!

— Niliichoma asubuhi. Mwanaume anakupa zawadi bila kutuma wazee kwangu? Si nilikataa huyo mukristu wa Basoko?

— Papa, watamuua! Wanasema kamera yake ni radio!

Nassoro aliacha kukanyaga pedali. Macho yake yakabaki kwenye sindano.

— Nilisema kidogo tu...

— Ulisema nini? Kwa nani?

— Kamanda alikuja kushonesha suruali. Nikamwambia kuna mutu ya wazungu anatumbukiza mashini mu mayi. Nilifikiri watamufukuza tu, arudi kwao. Haki ya Mungu, Madina, sikutaka afe!

Madina alimvuta mkono atoke kwenye cherehani. Huko kivukoni camion ilianza kunguruma, wakatoka mbio wote wawili, mzee bila viatu.

Walimkuta kamanda akipanda mbele, karibu na dereva. Nassoro akamng'ang'ania mguu.

— Kamanda, nilidanganya! Ile haiko radio! Huyu ni mukwe yangu!

— Mukwe? Juzi ulisema ni mutu ya wazungu.

— Ni mukwe! Leo nimemupa binti yangu!

— Bon, mzee. Akirudi, mufanye ndoa.

Mlango ukafungwa. Camion ikaondoka, na yule mzee ambaye hakuwahi kumkaribisha Lambert hata kwa chai akawa anaifukuza kwenye vumbi.

— Lambert! Nimekubali! Unasikia, mutoto yangu? Nimekubali!

Kule juu, katikati ya wafungwa, Lambert alisikia. Mikono ilikuwa imefungwa, hakuweza kupunga. Lakini uso wake ulicheka kama wa bwana harusi.

— Asante, papa! Asante sana! Madina, umesikia? Papa amekubali!

Madina alisikia. Filamu ilikuwa imelala miguuni pake kwenye vumbi, na baba yake alikuwa ameanguka barabarani akilia. Alitamani kumwambia Lambert nani aliyempandisha kwenye camion ile, lakini alimwona anavyocheka, akajibu tu:

— Nimesikia, bwana yangu.