Matangi ya Dirishani

Viroboto wa maji, vijidudu vya mtoni, walikuwa wamekufa katika matangi yote matatu ya dirishani mwa maabara. Walilala chini kama pumba. Katika matangi ya ukutani, wenzao waliogelea bila habari.

Inspekta alikuwa amechunguza maiti nyingi, lakini hizi zilikuwa za kwanza kuhitaji lenzi. Hakucheka. Jaribio lile ndilo lingeonyesha kama mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yasiliwe na viwavi yanadhuru viumbe wa mtoni.

"Waliokufa ndio waliokula mahindi mapya?"

"La, hao walikula ya kawaida," alisema mtafiti, dada mwembamba mwenye macho mekundu. "Ni wa kulinganishia. Wakifa hao, jaribio zima linabatilika. Tunaanza upya."

"Nani anajua tangi lipi ni lipi?"

"Yana namba tu. Siri ninayo mimi, ili msaidizi asipendelee upande."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Kwa jibu hilo, alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Mkemia wa polisi alikuta dawa ya kung'arishia nguo kwenye maji, na mlango haukuvunjwa. Inspekta, shingo upande, alimwambia mtafiti ajiandae kwenda kituoni.

Mama yake mtafiti aliingia wakati huo na kapu la chakula cha mchana, kama kila siku tangu bintiye arudi kutoka ng'ambo kwa ajili ya jaribio hili. Mlinzi alishaacha kumkagua. Nani amkague mama wa bosi? Alipoinama kuweka kapu, Inspekta aliona mabaka meupe kwenye upindo wa gauni lake la bluu.

"Shikamoo, mama. Gauni limepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kufua tu."

"Binti yako nampeleka kituoni. Anasema siri ya matangi haijui mtu mwingine."

Mama alishika upindo wa gauni.

"Mwache. Aliniambia jikoni, tukimenya viazi. Amesahau. Kumwambia mama hakuhesabiki."

Mtafiti alikaa chini.

"Nani alikutuma?" Inspekta aliuliza. "Wenye mbegu, au wanaozipinga?"

"Mahindi yao yananihusu nini? Jaribio lilikuwa linaisha Ijumaa. Jumamosi apande ndege. Safari ile nyingine akiwa huko, baba yake alikufa akimuulizia. Nikasema likiharibika, nitakaa naye msimu mmoja zaidi. Namkumbuka hata tukiwa meza moja."

"Ungeniambia nibaki, mama."

"Ungebaki?"

Mtafiti alitazama matangi. Inspekta aliona vibaya kuwapo pale.

Simu ya mkurugenzi wa maabara ilikuja kabla hawajatoka. Inspekta alimweleza yote, spika ikiwa wazi. Jaribio lingeanza upya, chini ya mtafiti mwingine. Huyu arudi ng'ambo kesho.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Inspekta alimwambia kwa upole kwamba sasa yeye ndiye anayekwenda kituoni.

"Sawa, mwanangu," alisema, akafungua kapu. "Ila ale kwanza."

Akaanza kupakua.