Sukari Sikioni mwa Mbaraka

Riziki alikuwa na wivu, na hakuuficha. Siku mumewe Mbaraka alipopiga soga na muuza samaki, samaki hawakuliwa nyumbani kwao. Majirani wa mtaa wa Mikelenge walishazoea, wakacheka tu.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, Mbaraka alijikata mguu kwa panga. Kidonda kikavimba. Akanunua vidonge sokoni, viwili viwili. Maumivu yakipungua, aliacha. Yakirudi, alinunua vingine. Mwezi ukapita hivyo. Mwishowe kidonda kikatoa harufu, na sindano za penisilini zikashindwa. Mbaraka alikuwa mpakua mizigo stesheni. Bila mguu, hana kazi.

Daktari akaandika sindano za jentamisini, siku saba, asubuhi na jioni. Vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa, basi muuguzi Onema wa dispensari ya mtaa akawa anakuja nyumbani. Onema alikuwa mjane, mcheshi, na kitenge kilimkaa vizuri. Hilo Riziki aliliona kabla hajaiona sindano.

Siku ya kwanza Onema aliacha chupa. "Papa Mbaraka, mukojo yote utaweka humu. Nitaangalia."

Riziki akakunja uso. Mwanamke gani huyu anataka mkojo wa mume wa mtu?

Siku ya pili asubuhi, Riziki alileta uji, akakwama mlangoni. Onema alikuwa nyuma ya Mbaraka, ameinama, mdomo karibu na sikio lake. Alinong'ona kitu. Mbaraka akatabasamu, akasema, "Sukari."

Uji ukamwagika. Moyo wa Riziki uliungua kuliko uji wenyewe. Jioni ile, Mbaraka akiwa amelala, Onema alibisha akakuta mlango umefungwa.

"Citoyenne, bwana hayuko," Riziki alisema kutoka ndani, akimwita 'raia' kwa Kifaransa cha maofisini.

Kulipokucha, homa ya kidonda iliyokuwa imeanza kushuka ilikuwa imepanda tena. Onema alirudi, akamchoma Mbaraka sindano, kisha akaketi kizingitini.

"Mama Riziki, jana ulifunga mulango juu ya nini?"

"Njo weye utaniambia. Juu ya nini bwana yangu anakuita Sukari?"

Onema alicheka hadi akafuta machozi. Kisha uso wake ukabadilika.

"Sikiliza. Ile vidonge alikunywa nusu-nusu, ilizoesha vijidudu dawa. Sasa iko dawa kali hii. Inaua vijidudu, lakini inaweza kuharibu figo na masikio. Sikio likikufa juu ya hii dawa, mara mingi halirudi. Njo maana napima mukojo. Ukipunguka, figo inachoka. Njo maana nanong'ona: sukari, chumvi, mupunga. Akirudilia neno, sikio liko muzima. Na saa ya sindano hairukwi."

Riziki alitazama chini. Aibu ilimshika, ila wivu nao haukutoka.

"Basi mimi njo nitanong'ona," akasema.

"Ni vizuri. Weye unakaa naye siku muzima."

Onema akamwonyesha. Usimame nyuma, asione midomo yako. Uzibe sikio moja kwa kidole. Useme neno moja, polepole. Na masikio yakilia, au kichwa kikizunguka, au mkojo ukipungua, uite muuguzi siku hiyo hiyo.

Siku ya tano, kabla ya sindano ya asubuhi, Riziki aliziba sikio la kulia la mumewe, akanong'ona kwenye la kushoto, "Sukari."

Kimya. Akarudia.

"Unasema nini?" Mbaraka akauliza. "Hili sikio linalia ngiii tangu jana. Nilizani ni mbu."

Riziki hakungoja kuvaa viatu. Alikimbia hadi dispensari, akamvuta mkono Onema, yule yule aliyefungiwa mlango.

"Mama Onema, kuya. Hasikii."

Sindano ile Onema hakuichoma. Alimpeleka Mbaraka kwa daktari, akapimwa, akapewa dawa nyingine. Safari hii aliimaliza yote, hata baada ya maumivu kwisha.

Mguu ulipona, na Mbaraka akarudi stesheni. Sikio la kulia ni zima. La kushoto lilibaki zito kidogo. Onema alisema kama wangechelewa, pengine masikio yangekufa yote mawili.

Tangu hapo Riziki hukaa upande wa kulia wa mumewe. Mwanamke mwingine akitaka kumnong'oneza Mbaraka, kushoto kuna nafasi.