Shoki ya Zack

Kipruto, jirani yangu hapa Silibwet, ni fundi wa magari. Zamani ukimletea habari za mizimu alikuwa akikucheka mpaka ujutie kufungua mdomo. Siku hizi hacheki.

Asubuhi ya siku iliyombadilisha ilianza vizuri tu. Alikunywa chai, akaimba wimbo wa kanisa huku akifunga shoki ya nyuma kwenye pikapu ya Kiarie, yule wa biashara ya viazi. Ya zamani ilikuwa imevuja mafuta yote, gari likawa linarukaruka kwenye kila shimo. Mkewe, Tecla, akasimama mlangoni mwa gereji, akaiangalia hiyo aliyokuwa akiifunga.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa pikapu ya Zack."

Tecla akashika mdomo. Zack alikuwa amefia kwenye kona ya mashamba ya chai, gari lake likabingirika hadi bondeni, na lilikuwa huko bado. Wazee wa ukoo wake walikuwa wamesema mtu asiguse hata nati mpaka watu waende kuomba pale Jumamosi.

"Rudisha, baba Chebet. Tafadhali."

"Zack ataifanyia nini?" Kipruto akacheka. Kiburi cha mafundi, wacha tu!

Mchana akaondoka na pikapu ampelekee Kiarie. Alipofika kona ile ile, nyuma kukaanza kugonga. Ko. Ko. Akashuka kuangalia. Bolti ya chini ya shoki, aliyoikaza mwenyewe kwa nguvu zake zote, ilikuwa imelegea. Ukungu ulifunika mashamba, wachumaji walikuwa wameenda kupima majani. Akainua gari kwa jeki, akalaza tairi la spea chini ya chesisi ili jeki ikiachia asipondwe, akaingia chini ya gari kwa mgongo.

Sasa, fundi akiwa chini ya gari haangalii nje. Ananyoosha mkono, anataja namba ya spana, msaidizi anampa. Kipruto ameishi hivyo.

"Kumi na saba," akasema, mkono nje.

Spana ikawekwa kiganjani mwake.

Akaanza kukaza. Akazungusha, akazungusha tena, ndipo akakumbuka. Alikuja peke yake.

Jeki ikaachia.

Gari likashuka juu ya tairi la spea, chesisi ikamgandamiza kifua. Hakupondwa, lakini hakuweza kutoka. Akajaribu kupiga kelele, pumzi haikutosha. Mvua ikaanza. Woi, udongo wa huku ukinywa maji! Tairi likaanza kuzama, polepole, na chesisi ikazama nalo.

Akageuza shingo. Nje aliona matope. Aliona majani ya chai. Aliona mkono, kiganja wazi, unasubiri.

"Leta."

Sauti ilinong'ona sikioni kwake, upande wa ndani, ambako hata paka hangetoshea.

"Zack... nisamehe."

Chesisi ikashuka kidogo. Ubavu ukalia.

Akaelewa. Akafungua bolti ya chini huku akilia. Vidole viliteleza. Akamfikiria Tecla akipika, akiangalia barabara. Akafungua ya juu. Pumzi ilikuwa imebaki kidogo sana alipoisukuma shoki nje. Mkono ukaichukua. Ukarudi, kiganja wazi tena.

"Na spana."

Akaitoa.

Gari likainuka. Jeki ilikuwa imelala matopeni, lakini gari likainuka. Kipruto akatambaa nje, akasimama. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na shoki. Matopeni kulikuwa na alama za mwili wake tu. Akakimbia mpaka kwa Tecla bila kuangalia nyuma.

Jumamosi tulienda sote kuomba, kukiwa na baridi na mvua tangu alfajiri. Mbele ya watu, Kipruto akakiri kwamba aliiba shoki, akaomba msamaha. Kaka yake Zack, Gibson, akamkazia macho.

"Umeiba shoki gani? Kuja uone."

Tukashuka bondeni. Shoki ilikuwa mahali pake kwenye gari la Zack, bolti zimekazwa zote. Spana ya Kipruto, ile yenye rangi nyekundu kwenye mpini, ilikuwa bado imeng'ang'ania nati ya chini. Gibson akaivuta, mara akaiangusha kwenye nyasi na kurudi nyuma.

"Ni nani alikuwa ameishika saa hii?" akanong'ona. "Mbona iko na joto?"